Nyama Isiyo na Mfupa

Machakos mjini
16 Februari 2002

Kwa Nzilani,

Pokea salamu za Baba Mutua, fundi wa saa, yule mzee wa meza ya pembeni ambaye mlimcheka mpaka mkachoka. Natumaini hujanisahau. Siku yangu ya kwanza pale hotelini kwa Mama Yun, nyuma ya soko, niliagiza nyama peke yake, mkaniletea na vibakuli vya kila namna: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, figili, spinachi ya ufuta, visamaki vikavu vitamu. Mimi nililelewa kwamba mgeni haachi chakula cha mwenyewe, kwa hiyo nikamaliza vyote. Mama Yun akaona vibakuli vitupu, akajaza tena. Nikamaliza tena. Akajaza. Jasho lilikuwa likinitoka wewe ulipokuja kuninong'oneza, "Mzee, kwao ukimaliza ni kama umeomba ingine. Bakisha kidogo, ama tutakuzikia hapa hapa."

Tangu siku hiyo sikupata mahali pengine pa kunifurahisha vile. Jiko la makaa katikati ya meza, nyama ikilia juu yake, Warfa mfanyabiashara wa ng'ombe upande ule akigombania kipande na mimi, na Mama Yun akitusalimia kwa Kikamba chake cha kuvunjika. Nilikuwa nikitoka pale nikijiona kijana.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya kicheko. Mama Mutua ni mgonjwa. Ana uvimbe tumboni na daktari anasema lazima apasuliwe, ila kwanza ale, apate nguvu, kwa sababu vile alivyo sasa hataamka kitandani mwa upasuaji. Na hali kitu. Uji anautema. Maziwa yanamchafua roho. Kitu kimoja tu anachokiulizia ni ile supu nyeupe ya Kilonzo wa bucha.

Nzilani, Kilonzo hajawahi kupika supu nyeupe maisha yake yote. Supu ile ni yako. Nilikuwa nikiichukua mlango wenu wa nyuma kwa chupa ya chai, nikifika nyumbani nasema nimeinunua kwa Kilonzo, na wewe unajua kwa nini. Sasa hoteli imefungwa, Mama Yun amerudi kwao Korea, na mke wangu kila asubuhi ananiuliza Kilonzo amepatwa na nini siku hizi.

Nimejaribu kupika mwenyewe. Nilichemsha mifupa kutwa nzima. Akaonja, akaweka kijiko chini, akasema, "Haya ni maji ya kuoshea ng'ombe." Hata sasa ulimi wake ni ule ule, mwili ndio umeisha.

Warfa hupita hapo Wamunyu kila siku ya mnada, na ndiye anayekuletea barua hii pamoja na mifupa. Chupa ataibeba yeye. Nakusihi unipikie. Mwenzangu anakufa njaa na chakula kiko mbele yake.

Mimi,
Bartholomew Muema

---

Wamunyu
21 Februari 2002

Baba Mutua,

Barua yako imenifikia nikiwa napiga msasa twiga wa mbao kwenye karakana ya baba. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Pole kwa ugonjwa. Nakwambia pole hiyo kwa moyo, kabla sijakwambia mengine.

Wewe wasema najua kwa nini ulidanganya. Acha niyaseme yote, maana naona wewe unayapita kando. Ulimleta Mama Mutua pale kwetu mara moja. Mama Yun akaleta nyama iliyokatwa nyembamba, akachukua mkasi, akaikata vipande mbele yake. Mama Mutua akauliza, "Mfupa uko wapi?" Nikamweleza kwamba mifupa iko kwa supu. Akasimama, akachukua kibeti chake, akaenda. Jumapili baada ya misa akawauliza wanawake wa chama chake nje ya kanisa, "Nyama isiyo na mfupa ni ya mnyama gani?" Yeye ni mwenyekiti wao. Hakusema lingine lolote, aliuliza tu. Lakini kwetu sisi nyama ni mfupa. Mgeni hupewa kipande akijua ni mguu au ni ubavu. Wiki ilipoisha, swali lilikuwa limejibiwa mji mzima: ni mbwa.

Mbwa wa Maundu alipopotea, watu walikuja kumtafuta ndani ya sufuria yangu. Mbwa alirudi mwenyewe, ametoka kutembea. Hao watu hawakurudi. Mama Yun alikaa kwa meza tupu mpaka akachoka, akafunga, akaniachia sufuria kubwa na kilio.

Yeye alikuwa na kwao pa kurudi. Mimi kwetu ni hapa, na habari ilitangulia kufika. Juzi kulikuwa na matanga kwa jirani. Nilifunga leso nikaenda kusaidia kupika kama mwanamke yeyote. Wakaniondoa kwa sufuria polepole, kwa heshima, wakanipa vyombo nioshe. Nikaosha. Nina mikono inayojua kupika na hakuna mtu anataka kula kutoka kwayo.

Nitapika supu. Nitaipika hata kesho. Lakini Mama Mutua aambiwe ni ya nani. Sitapitisha chakula changu mlango wa nyuma tena kama chang'aa, pombe ya magendo. Nikijificha, basi nimekubali nilipika mbwa.

Ni mimi,
Nzilani Mbithi

---

Machakos
25 Februari 2002

Nzilani binti yangu,

Kila neno uliloandika ni kweli na sina la kukataa. Lakini humjui mke wangu Wanza. Sisi tumekaa veranda moja miaka mingi, yeye na cherehani yake, mimi na saa zangu. Kuna mkasi wake wa kitambaa. Siku moja nilikata picha gazetini kwa mkasi huo. Hakupiga kelele. Alininyamazia mpaka Jumapili, na mkasi akaufungia kwa sanduku, kwa sababu mkasi wa kitambaa ukikata kitu kingine unaharibika na haurudi. Hivyo ndivyo alivyo. Akisema kitu, amekikata.

Nikimwambia supu ni yako, atafunga mdomo. Atafunga kabisa, Nzilani. Afadhali afe akiwa amesema kweli kuliko apone akiwa amekosea. Nimemwogopa mwanamke huyu maisha yangu yote na nimempenda kwa muda huo huo. Sasa pete imemtoka kidoleni yenyewe, tumeifunga kwa uzi shingoni.

Apone kwanza. Akishapona nitamwambia hata mbele ya padre. Usinipe mtihani huu sasa, nitaanguka.

Baba Mutua

---

Wamunyu
28 Februari 2002

Baba Mutua,

Mifupa aliyoniachia Warfa nimeiloweka, maana mifupa haina kosa. Nimemwaga damu, nimechemsha maji ya kwanza nikayamwaga pia, na sasa supu iko motoni inageuka nyeupe. Baba yangu anaisikia harufu mpaka karakana na anauliza ni sherehe gani.

Haitoki hapa mpaka umwambie. Usinione mkatili. Wewe una mke wa kupoteza. Mimi jina ndilo nililobaki nalo.

Nzilani

---

Machakos
4 Machi 2002

Nzilani,

Nimemwambia. Amekubali. Tafadhali mpe Warfa chupa leo leo, asikae mnadani.

B. Muema

---

Wamunyu
7 Machi 2002

Baba Mutua mpendwa,

Nimesoma karatasi yako mara nyingi ingawa haina maneno mengi. Nililia, na baba akanitania kwamba hata sikulia hivyo walipovunja uchumba wangu.

Hii hapa supu, nimeipika upya. Nimeiacha ipoe, nikaondoa mafuta yote juu, ndiyo maana haimchafui roho. Pasha polepole. Chumvi weka mezani, si kwa sufuria, yeye mwenyewe ajiwekee. Katakata majani ya kitunguu juu yake. Wali kidogo uutumbukize ndani akishazoea, sio siku ya kwanza. Nimetuma na kabichi kwa kijitungi, hiyo ni yako, najua unaikosa.

Jambo moja nakuomba uniandikie. Ulipomwambia ni mimi, alisemaje? Uso wake ulikuwaje? Niambie hata kama alitukana.

Nzilani wako

---

Machakos
14 Machi 2002

Nzilani,

Amekula. Sijui nikuandikie vipi. Alikunywa bakuli la kwanza polepole, akipumzika kama mtu anayepanda mlima wa Mua, akafika chini. Nikadhani ataitapika. Haikutoka. Jioni akaomba tena. Leo ametumbukiza wali, na amenigombeza kwamba majani ya kitunguu nimeyakata makubwa kama ya mbuzi. Aliponigombeza nilitoka nje nikashika ukuta.

Warfa alipita akamkuta ameketi. Mwislamu yule alifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Daktari amempima, ameridhika, anasema tukiendelea hivi atampasua baada ya Pasaka.

Kabichi niliila nikiwa nimesimama jikoni, bila wali, bila kitu. Nilibakisha kidogo kwa mazoea, nikaona hakuna wa kunijazia.

Uliuliza alisemaje. Alisema asante. Tuma nyingine.

Baba Mutua

---

Wamunyu
20 Machi 2002

Kwa Mama Mutua,

Shikamoo mama. Barua hii nimemwambia Warfa akupe wewe mkononi, kwa sababu mambo ya wanawake wawili hayapitii kwa mzee.

Sijaja kukukumbusha ya hoteli. Nataka ujue ulichonifanyia ulipokubali kula supu yangu ukijua ni yangu. Jumamosi kulikuwa na harusi hapa. Wanawake wakaanza kunielekeza kwa vyombo. Nikawaambia, "Mnajua Mama Mutua, mwenyekiti wa wanawake wa kanisa kule Machakos? Anaumwa, na chakula anachokula ni cha mkono huu." Wakatazamana. Mmoja akanipa mwiko. Mama, nilikoroga wali wa watu wote wale, na wakala, na mtoto mmoja akarudi kuniomba ukoko.

Nilikuwa nimekuwekea hasira nyingi. Imeisha, sijui imeenda wapi. Kula upone. Ukipona nitakuja kukusalimu na utanikatia rinda.

Mtoto wako,
Nzilani Mbithi, aliyekuwa mpishi kwa Mama Yun

---

Machakos
Jumanne ya Juma Kuu, 26 Machi 2002

Nzilani,

Umeniua, na mimi ndiye niliyekupa kisu. Sikumwambia. Ile tarehe nne nilisimama mlangoni mwa chumba chake, nikafungua mdomo, akageuka akaniuliza, "Kilonzo amepika?" nikasema ndiyo, amepika. Kisha nikakaa nikakuandikia vile nilivyokuandikia.

Warfa alimpa barua yako mkononi. Mimi nilikuwa verandani nikifunga saa ya mtu. Nilipoingia alikuwa amevaa miwani, barua iko juu ya blanketi, na bakuli liko kando, nusu. Akaniuliza swali moja tu, "Wote mlijua?" Nikasema mimi, Nzilani na Warfa. Akasema, "Na Kilonzo?" Nikasema Kilonzo hajui kitu. Akavua miwani akageukia ukuta.

Hajala tangu hapo. Maji anakunywa kwa kijiko. Nimepiga magoti, Nzilani, mzee kama mimi, nimepiga magoti kwa saruji. Nimemwambia anitukane, anifukuze, lakini ale. Hajibu. Mutua amekuja kutoka Nairobi naye hajibiwi. Jumuiya ya kanisa wameambiana wataka kuja Jumamosi baada ya Pasaka kumwombea, na vile wanavyolisema, najua ni sala ya namna gani.

Sikuombi kitu tena. Nakwambia tu ili usisikie kwa watu.

Bartholomew

---

Wamunyu
Ijumaa Kuu, 29 Machi 2002

Baba Mutua,

Nilisimama mbele ya harusi ya watu nikatangaza uwongo wako kama Injili. Ukifikiria hilo, utajua kwa nini sikusalimu.

Nilitaka kukaa hivyo hivyo nisitume kitu. Asubuhi nikajikuta nimewasha moto. Sijui kumwacha mtu na njaa, hilo ndilo tatizo langu, hata Mama Yun alinitania nalo. Supu iko kwa chupa hii. Nimeiandika jina langu ubavuni kwa rangi ya baba ya kupakia twiga, herufi kubwa, haitoki kwa sabuni. Iweke pale anapoiona. Usimimine kwa bakuli, usimdanganye tena hata kwa mapenzi. Akiifungua, aifungue mwenyewe. Asipoifungua, imwage, na Mungu atatuhukumu sote watatu.

Nzilani

---

Machakos
3 Aprili 2002

Kwa Nzilani binti Mbithi,

Anayeandika ni Wanza, Mama Mutua. Naandika nikiwa kitandani, kwa hiyo usicheke mwandiko. Baba Mutua alitaka kuniandikia nikamkataza, ameandika vya kutosha.

Chupa yako ilikaa dirishani na jina lako likinitazama. Sikuinywa. Imechacha, nimeamuru imwagwe, na nilipoisikia ikimwagwa nilimeza mate. Nakwambia ukweli huo ingawa ni aibu.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta mahali niliposema uwongo, nisipaone. Mimi niliuliza tu. Nililala na hilo usiku na mchana, niliuliza tu, niliuliza tu. Halafu siku ya Pasaka kengele ilipolia nikakumbuka vile nilivyouliza. Nilikuwa nimesimama ngazi ya juu ya kanisa, nimevaa kitambaa cha chama, na jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Niliwaachia wao walitamke ili mimi nibaki safi. Swali la namna hiyo siwezi kulijibu nikiwa nimelala chumbani, mlango umefungwa, na mume wangu ananipa kijiko kama mwizi. Ndiyo maana sikunywa. Usidhani ni kiburi. Basi, kiburi kipo, lakini si chote.

Sasa sikiliza. Jumamosi jumuiya inakuja kuniombea. Watakuwa wamejaa sebuleni na uani, wale wale. Nataka uje upike hapa kwangu, uani, mlango wazi, kila mtu akiona. Nimemwambia Warfa alete mguu mzima wa ng'ombe, na ngozi na kwato, asikate kitu. Uukate wewe mbele yao. Mifupa iende kwa supu wakiiangalia. Nyama uikate nyembamba vile alivyokata Mama Yun, na uichome kwa jiko mezani. Warfa atakaa meza hiyo na Baba Mutua kama zamani. Kabichi lete, ile kali. Vibakuli nimeazima kwa majirani wote, na nimewaambia ni vya nini. Mwanamke atakayeuliza mfupa uko wapi, mimi nitamwonyesha.

Najua mnatumia mkasi. Usilete wa Mama Yun. Wangu wa kitambaa nimemwambia Mutua autoe kwa sanduku, na nimeuosha mwenyewe kwa maji moto, nikiwa nimeketi. Utakatia nyama huo. Nguo sidhani nitashona tena, na nikishona nitanunua mwingine.

Usiniite mama mbele yao. Niite Wanza, na niliyokutendea uyaseme kama ukitaka, sitakukatiza. Mambo ya samahani tutayamaliza tukiwa wawili, huko nyuma, ukiosha sufuria yako.

Daktari hajui kama nitakubali kula. Mimi pia sijui kama kitu kitapita hapa shingoni, ni siku nyingi. Nikishindwa, acha bakuli mbele yangu, wote walione, usiliondoe. Nikimaliza, wewe jaza bila kuniuliza, Baba Mutua ameniambia ndiyo desturi yenu.

Njoo mapema kabla ya watu. Niko na njaa.

Wanza